Namba Zilizonyooshwa

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, binti aliketi mezani na mama yake, mhandisi wa mtambo wa kusafisha majitaka. Mama alifungua kompyuta, binti akafungua madaftari. Nyumbani walimtania binti kwa jina la Bi Nadhifu, maana hata soksi zake alizipanga kwa rangi.

Jioni hiyo mama alikuwa amefura.

"Kompyuta hii itanitia wazimu!" alisema. "Nimetengeneza humu mfano wa vichujio vya mtambo wetu, ili unieleze uchafu utaviziba lini. Eti unadai hata tukiviosha havizibuki! Mbona tunaviosha na vinazibuka?"

"Labda imechoka, mama."

"Niliyechoka ni mimi! Kesho mkuu wangu anataka jibu. Nikikosa, tutangoja vizibe vyenyewe, majitaka yafurike tena mpaka milangoni mwa watu."

Alifuta, akaandika, akafuta tena, akafyonya. Baba alileta chai, akafukuzwa pamoja na chai yake.

Binti alichungulia kioo cha kompyuta. Mstari wa presha ya maji ulipanda taratibu, umenyooka vizuri. Akaweka kalamu chini.

"Mama, kwani presha huwa inashuka?"

"Kichujio kikiziba inapanda. Tukikiosha inashuka. Lazima!"

Angeweza kunyamaza. Mama angeendelea kuilaumu mashine, na hakuna ambaye angejua.

"Ni mimi," alisema. "Vile vipimo vya presha ulivyonipa niviingize kwenye kompyuta, namba zilikuwa zinapanda, mara zinaporomoka. Nilidhani mafundi waliopima wamekosea. Nikazinyoosha zifuatane."

"Ukazinyoosha!" Mama alishika kichwa. "Siku zote hizi nagombana na kompyuta, kumbe mchawi wangu ninaye humu humu ndani!"

"Nisamehe, mama. Nilitaka kazi yako ipendeze." Machozi yalimtoka.

Mama, bado amekasirika, akamvutia kiti.

"Soma vipimo vyenyewe, kama mafundi walivyoviandika, niviingize."

Walirudia vyote. Safari hii mstari ulipanda na kushuka mithili ya meno ya msumeno, na kompyuta ikatoa jibu: vichujio vioshwe keshokutwa, la sivyo vitaziba. Mama alishusha pumzi ndefu.

"Umefanya vizuri kusema," alimwambia. "Ungenyamaza, kesho ningekosa jibu, na majitaka yangefurika tena. Ila sikiliza, mwanangu: usirekebishe usichokielewa. Ukiona namba ya ajabu, uliza. Hizo ulizozifuta ndizo nilizokuwa nazitafuta."