Bangili Zilizoingia Kwenye Injini

Uapie Bikira Maria kwamba hutamwambia mtu, hata dada yako wa damu. Umeapa? Haya. Mimi nami niliapa hivyo hivyo mbele ya Annastella, na ona, kahawa yako haijapoa nimeshaanza.

Ilianza na harufu. Nyumba ya fundi Mutalemwa, hapa Kanazi, imezoea kunuka petroli, maana gereji yake ndiyo ua wake. Lakini asubuhi moja mkewe, huyo Annastella, alisikia harufu ya akamwani, zile buni za kuchemshwa na majani ambazo wazee wetu hutafuna. Hakuna aliyezipika. Harufu ilitoka chini ya boneti ya gari.

Gari lenyewe Mutalemwa alikuwa akiliandaa kwa mashindano ya Jumapili, ya kupandisha mlima. Rahul wa duka la vipuri, mjini Bukoba, alikuwa amemcheka mbele ya mafundi wenzake: "Fundi, hilo litapitwa na baiskeli ya ndizi!" Maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akatafuta mtungi wa ile gesi inayoipa injini nguvu ya ghafla, na nozeli zake nne, vijidomo vya shaba vya kupulizia gesi, kila silinda na chake. Akaona matundu yake ni membamba. Akayapanua kwa keekee, akayapanua mno, zote nne zikaharibika. Basi akaanza kuchonga nyingine kwa mkono wake. Shaba aliitoa wapi? Nani amuulize fundi anaokota wapi vyuma!

Sasa sogea karibu. Nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, amelala bibi yake Mutalemwa, mama wa baba yake, pale penye omulamula, ule mti tunaoupanda makaburini. Marehemu aliacha bangili nne za miguuni, za shaba, akausia zikae kwenye chungu kilichofukiwa kichwani pa kaburi. Haziuzwi, hazivaliwi. Mke wa mjukuu ndiye hufagia pale, na ndiye mlinzi.

Kokwijuka, mama yake Mutalemwa, alipofunua chungu alikuta bangili moja tu.

"Nimekupa kaburi ufagie," alimwambia mkamwana wake, "wewe umefagia hadi chunguni!"

"Waitu mama, sijagusa!"

"Kaapie kwenu Kishanda. Jumapili zisiporudi, unaondoka. Mtoto anabaki, ni wa ukoo."

"Joanitha bado ananyonya, mama!"

"Ng'ombe wapo."

Na Mutalemwa? Alikuwa amesimama papo hapo, akifuta mikono kwa tambara. Akafuta, akafuta, kisha akarudi chini ya boneti.

Kilichomwua Annastella kwa hofu hakikuwa maneno ya mkwe. Ni mguu wa mtoto. Juu ya kifundo palikuwa na alama ya duara, ya baridi kama jiwe la ziwani, kama aliyevalishwa kitu cha kubana. Kesho yake zikawa mbili. Kisha tatu, na mtoto akakataa ziwa.

Usiku huo mvua ilinyesha, na Annastella, akiwa amempakata Joanitha kitandani na mumewe amelala kando, akasikia gari likipumua kule uani, ssss, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno, ijapokuwa betri ilikuwa imetolewa na iko mezani anaiona, kisha ile harufu ya akamwani ikaingia kwa chini ya mlango, na nyuma ya harufu mlio wa shaba kugongana, kling, kling, mwendo wa bibi kizee anayetembea polepole kuzunguka nyumba, akipita dirisha la kwanza, akipita la pili, hadi ukakoma usawa wa kichwa cha mtoto, na sauti nyembamba kama gesi inayovuja ikauliza: "Nani amenivua?"

"Baba Joanitha," alinong'ona, "umesikia?"

"Gesi inavuja."

"Imesema!"

"Lala, mama Joanitha."

Lakini alijifunika blanketi hadi kichwani, mwanamume mzima.

Jumamosi Annastella akamwomba Kokwijuka amwite Bartholomayo, mganga kutoka Muleba, yule anayeimba kwaya mstari wa mbele. Mfuko wa Annastella ulikuwa tayari umefungwa mlangoni. Majirani wote tulikuja kuazima chumvi, siku moja, saa moja. Mutalemwa aliaga kwamba anakwenda mjini kununua plagi.

Kokwijuka akamwambia ni jini ambalo mkamwana amelileta kutoka kwao Kishanda. Bartholomayo alishika mguu wa mtoto, akanusa.

"Mnasema ni jini la Kishanda? Huyu ni mwenyeji. Anamvalisha mtoto kile alichovuliwa. Ikifika ya nne, anaondoka naye."

Hajamaliza, Joanitha akapiga ukelele, na tukaona kwa macho yetu alama ya nne ikianza kuinuka kwenye ngozi. Annastella akamkumbatia, akakimbilia migombani anakolala yule bibi, na sisi sote nyuma yake, Kokwijuka bila kanga begani.

Tukamkuta. Mutalemwa amepiga magoti kaburini, msumeno wa chuma kando yake, mkono umezama chunguni hadi kiwiko. Alikuwa akivuta kwa nguvu zote, na mkono hautoki.

"Mama," alisema, midomo imekauka, "nishikeni. Ananivuta."

Kokwijuka akamshika bega, akavuta, wapi!

"Mjibu swali lake," Bartholomayo akasema. "Kwa sauti, wasikie wote."

"Bibi, ni mimi! Mimi niliyekuvua! Tatu ziko kwenye gari, nimezichonga nozeli. Annastella hajui kitu!"

Chungu kikaachia. Mkono ukatoka na bangili ya nne imeuzunguka kwenye kifundo, imebana hadi nyamani, haina pa kufungulia. Juu yake, kuelekea kiwiko, alama tatu za duara.

Annastella akautazama mguu wa mwanawe. Ulikuwa safi, wa moto. Akaokota fagio pale penye omulamula, akamwekea mumewe kwenye ule mkono wenye bangili, mkwe wake akisikia.

"Baba Joanitha, leo fagia wewe. Hadi chunguni."