Panzi na Diski Iliyovaa Sweta

Asubuhi ile Kinyozi alifungua duka huku akiimba. Kuimba hajui, lakini siku hiyo nani angemzuia? Alifagia nywele za jana, akapangusa kioo, akazitia mashine zake mafuta tone moja moja.

Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Upande mmoja palikuwa na kiti cha kunyolea. Upande wa pili palikuwa na meza ya kompyuta, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kuwapigia wateja muziki. Leo ingefanya kazi nyingine.

Furaha yote hiyo ilitoka kwa binti yake. Nyumbani walimwita Panzi, na mtaa mzima ukafuata. Miguu ya binti huyu ni ya kuruka tu. Anakimbia, anakanyaga ubao, anapaa, halafu anatua mchangani mbali huko, watu wakibaki midomo wazi.

Timu ya vijana ya mkoa ilikuwa inachagua warukaji. Siku ya majaribio Panzi alikuwa kitandani, homa imemlaza hoi. Mwakani umri wa timu ya vijana utakuwa umempita. Ikawa kama mambo yameishia hapo. Lakini jana kocha wa timu alipiga simu.

"Nimesikia sifa za binti yako," alimwambia Kinyozi. "Nitumieni video zake. Mwisho kesho saa kumi jioni. Baada ya hapo tunafunga majina."

Na video zilikuwepo. Baba huyu hakukosa shindano hata moja. Alisimama pembeni ya uwanja, simu juu, akipiga kelele kuliko mtangazaji. Simu ilipojaa, alihamishia kila kitu kwenye diski ya nje. Ni kile kisanduku kidogo, kinatosha kiganjani, kinachochomekwa kwenye kompyuta kwa waya. Ndani yake huingia picha na video nyingi kupindukia. Kisha alifuta zile za kwenye simu ili apate nafasi. Kwa hiyo miruko yote ya Panzi ilikaa mahali pamoja tu, ndani ya kisanduku kile.

Kisanduku chenyewe kilikuwa kimevaa sweta. Ndiyo, sweta. Shangazi yake Panzi, dada mkubwa wa Kinyozi, aliishi nao, na mikono yake haikujua kupumzika. Alifuma. Redio ilikuwa na kitambaa chake, jagi la maji na chake, televisheni na chake. Diski aliifumia sweta la buluu lenye kola nene.

"Isiingie vumbi," alisema. "Duka la kinyozi hili."

Mteja wa kwanza alikuwa mama jirani, fundi wa kompyuta katika hospitali. Kila mtu alimwita Fundi. Alipenda nywele fupi kabisa, na alikuja kunyolewa kila zinapoanza kuchomoza. Kinyozi akamfunga kitambaa shingoni, akaanza upande wa kulia. Panzi akaketi kwenye kompyuta, akachomeka diski.

"Baba, haisomi," akasema.

"Ngoja kidogo."

"Taa yake imewaka, imezima. Imewaka tena. Imezima."

Kinyozi akaiacha mashine juu ya meza. Kichwa cha Fundi kilikuwa nusu kimenyolewa, nusu bado. Akaenda, akaichukua diski na kuipiga kofi. Katika nyumba hii, kitu kikigoma kinachapwa. Redio ilizoea. Feni ilizoea. Diski haikuzoea.

Maneno yakatokea kwenye kioo cha kompyuta. Panzi akasoma polepole. "Diski hii haiwezi kutumika mpaka ifomatiwe. Unataka kuifomati sasa?"

"Kama inataka, ifomati," akasema Kinyozi. "Bonyeza ndiyo. Na mimi naitia tone la mafuta hapa kwenye tundu. Mashine zangu zikikwama huwa nazitia mafuta, zinanguruma."

Kidole cha Panzi kilikuwa kimeshashuka. Chupa ya mafuta ilikuwa imeshainama.

"Acheni!" Fundi aliruka kutoka kwenye kiti, kitambaa kikimpepea mgongoni. "Kila mtu aondoe mkono wake."

Baba na binti wakaganda.

"Kufomati ni kufuta," Fundi akasema. "Ni kuisafisha diski iwe tupu kama siku iliyonunuliwa. Kompyuta imeshindwa kuisoma, basi inadhani haina kitu. Wewe unajua ina kitu. Usikubali. Bonyeza hapana."

Panzi akabonyeza hapana.

"Na hayo mafuta, kaka, weka mbali kabisa. Ndani ya diski hii kuna sahani nyembamba inayozunguka kwa kasi ya ajabu. Ukiitia mafuta umeiua. Ukiichapa, unaweza kuiua pia."

Kinyozi akafunga chupa yake kwa aibu. Kama angekuwa peke yake, saa hii miruko yote ya mwanawe ingekuwa imekwenda na maji. Alimtazama Panzi. Panzi alikuwa ameuma midomo, macho yamemjaa machozi.

"Dada, hizo video zisipopatikana, mwanangu hana timu," Kinyozi akasema. "Tusaidie."

"Tutaitafuta shida ilipo," Fundi akasema. "Hatua moja, kisha nyingine. Tukibadilisha vitu vyote kwa pamoja hatutajua mwizi ni yupi. Kwanza tuisikilize. Zimeni muziki na feni."

Duka likawa kimya. Wote watatu wakainamisha masikio. Diski ikatoa mvumo mdogo, kisha ikanyamaza. Ikavuma tena, ikanyamaza, kama pikipiki inayokataa kuwaka.

"Afadhali," Fundi akasema. "Ingekuwa inagonga tak, tak, tak, tungesema imeumia ndani. Hapo unachomoa, huigusi tena, unaipeleka kwa mafundi wanaookoa vilivyomo. Hii haigongi. Hii inataka kuzunguka lakini inakosa nguvu. Naona umeme hauifikii vizuri. Hebu tuone imechomekwa wapi."

Ilikuwa imechomekwa kwenye kidude chenye matundu mengi, kilichounganishwa na kompyuta. Hapo hapo palikuwa na simu mbili zinachaji, spika, na taa ndogo ya meza.

"Jamani, wote mnakula sahani moja," Fundi akasema. "Diski hii inakula umeme wa kompyuta. Ichomekeni kwenye kompyuta yenyewe, peke yake."

Panzi akafanya hivyo. Taa ikawaka. Wakasubiri, hakuna aliyepumua. Taa ikazima.

"Sasa waya," Fundi akasema. "Nyaya hukatika ndani kwa ndani, nje huoni kitu. Panzi, kimbia kwangu, mwambie mume wangu akupe waya wa diski yangu, uko kwenye droo ya meza."

Panzi hakuambiwa mara mbili. Alitoka mbio, akauruka mtaro wa maji machafu bila hata kuutazama. Fundi alisimama mlangoni kumsubiri. Wapita njia wakaona kichwa chake, upande mmoja kinang'aa, upande mmoja msitu. Mmoja akacheka hadi akashika ukuta.

"Cheka taratibu," Fundi akamwambia. "Ni mtindo mpya. Kesho utauomba."

Waya ukaja. Wakabadilisha. Taa ikawaka, ikakaa kidogo zaidi, kisha ikazima. Kinyozi akashika kichwa.

"Msikate tamaa," Fundi akasema. Macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya mtu anayekaribia kumshika mwizi. "Tundu la kompyuta tumebadilisha. Waya tumebadilisha. Imebaki diski yenyewe." Akaishika. "Mbona ya moto hivi? Hii nguo kavalishwa na nani?"

Shangazi alikuwa amesimama kwenye pazia la ndani, sindano zake za kufumia mkononi.

"Nimeivalisha mimi," akasema. "Kuna kosa?"

"Shangazi, mkono wako ni mzuri, sina ugomvi nao. Lakini hebu tumvue tuone."

Shangazi akaguna, lakini akaja mwenyewe kuivua. Alifanya polepole, kama anamvua mtoto mgonjwa. Hapo ndipo kila kitu kilipoonekana. Kola ya sweta ilikuwa imelala kwenye mdomo wa tundu. Waya ulikuwa unaingia nusu tu, unasimama juu ya uzi. Ukitikisika kidogo, umeme unakatika. Na ndani ya tundu, zimebanana kama pamba kwenye mto, kulikuwa na nywele.

"Nywele za wateja," Kinyozi akasema. "Miezi yote hii nimekuwa nikinyoa, nazo zinaingia humu."

"Zimenasa kwenye uzi wa sweta, zikasukumwa ndani kila unapochomeka waya," Fundi akasema. "Na joto lilikosa pa kutokea. Sweta ni la mtu anayeona baridi. Diski inahitaji hewa."

Shangazi akaketi kwenye kiti cha wateja. "Kumbe mimi ndiye niliyekuwa naikaba koo," akasema. "Panzi, mwanangu, nisamehe shangazi yako."

"Wala usijali, shangazi," Panzi akasema, lakini macho yake hayakutoka kwenye diski.

Kinyozi alitaka kulipuliza tundu kwa mdomo. Fundi akamzuia. "Mate yataingia. Chomoa waya kabisa kwanza. Una brashi laini, kavu, ambayo haijaguswa na mafuta?"

Brashi. Hapo Kinyozi akapata nguvu. Alifungua droo, akatoa brashi mpya kabisa, ya kupangusia shingo za watoto wachanga wanaonyolewa mara ya kwanza. Akainamisha diski, tundu likaangalia chini. Akapangusa kwa mkono mwepesi, ule ule unaopita nyuma ya sikio la mtoto asiamke. Unywele mmoja ukatoka, ukafuata wa pili, kisha kikafunguka kifundo kizima. Hakuchokoa. Hakulazimisha.

"Mkono wako ni wa dhahabu," Fundi akasema. "Sasa chomeka."

Panzi akachomeka. Safari hii waya uliingia mpaka mwisho. Taa ikawaka, na ikabaki inawaka. Diski ikavuma, mvumo mmoja tu, mrefu. Kwenye kioo cha kompyuta yakatokea mafaili, moja baada ya jingine. Mashindano ya shule. Mashindano ya wilaya. Panzi akapiga kelele ya furaha, Shangazi akapiga vigelegele, na Kinyozi akajikuta anamkumbatia Fundi na kitambaa chake cha shingoni.

"Nifungue ule mruko mkubwa tuutazame?" Panzi akauliza.

"Usifungue kitu," Fundi akasema. "Diski iliyougua haichezewi. Kwanza nakili. Anza na zile unazozihitaji zaidi, uziweke ndani ya kompyuta. Zikishaingia, ndipo utazame."

Wakanakili. Mstari wa kijani ulitambaa kwenye kioo, na wao wakautazama kama watu wanaotazama fainali. Ulipofika mwisho, Panzi akamtumia kocha video tatu. Mtandao ulikuwa mzito, ukawatoa jasho. Saa tisa ikapita. Kinyozi alikuwa anatembea kutoka kwenye kioo hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi kwenye kioo.

Kisha simu ikalia kidogo. Ujumbe wa kocha: "Zimefika. Nimeangalia. Huyu binti alikuwa wapi siku zote?"

Kinyozi alisoma ujumbe ule kwa sauti, akausoma tena kwa sauti kubwa zaidi, ili na mtaa usikie.

"Nimefurahi sana," Fundi akasema. "Sasa, kaka, tumalizie kichwa changu. Mume wangu ananisubiri, na hivi hatanifungulia mlango."

Akaketi, na Kinyozi akamnyoa upande wa kushoto vizuri kuliko alivyowahi kumnyoa mtu. Huku mashine ikiunguruma, Fundi akaendelea.

"Leo mmebahatika. Lakini diski ni kitu cha kufa. Itakufa siku moja hata ukiitunza vipi. Kitu unachokipenda usikiweke mahali pamoja. Weka nakala mbili, na moja ikae nyumba nyingine. Maji yakiingia hapa au mwizi akija, nyingine ipo."

"Na kuichomoa?" Panzi akauliza. "Baba huwa anaivuta tu."

"Hapana. Iambie kompyuta kwanza kwamba unaitoa. Ikikuruhusu, ndipo uvute. Na usiitikise wakati inafanya kazi."

Kinyozi alikuwa mtu wa kusikia. Jioni ile aliiondoa meza ya kompyuta dukani, akaipeleka chumba cha ndani, mbali na nywele. Akatafuta diski ya pili, akanakili kila kitu, akampa Fundi amtunzie. Tangu hapo, kila baada ya shindano, Panzi alipeleka video mpya kwa jirani. Shangazi akatangaza kwamba sasa atafuma nguo za watu tu. Panzi akapata soksi ndefu za rangi ya timu, kwa sababu jina lake lilikuwa limeingia kwenye orodha ya kocha.

Panzi akaenda kambini. Na msimu haukuisha kabla ile diski ya zamani haijaanza kugonga. Tak, tak, tak. Kinyozi aliisikia akiwa anakunywa chai. Hakuichapa wala hakuitafutia mafuta. Aliichomoa, akaiweka kando, akamaliza chai yake, kisha akaenda kwa Fundi kuchukua nakala. Vyote vilikuwepo, hata ule mruko mkubwa.

Jioni hiyo Panzi akapiga simu. Alikuwa anahema kama aliyetoka uwanjani sasa hivi.

"Baba, unaukumbuka ule mruko tuliomtumia kocha?"

"Nimetoka kuutazama leo hii."

"Leo nimeupita. Nimeupita mbali, baba. Watu wote wamesimama."

Kinyozi akatafuta kiti, akakaa. Hakuwepo pembeni ya uwanja na simu yake juu. Mruko mkubwa kuliko yote, na yeye hakuuona.

"Kuna mtu aliyerekodi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Kocha amerekodi," Panzi akasema. "Na mimi video nimeshaiweka sehemu mbili. Fungua simu yako, baba. Hapo kwako ni ya tatu."