Mstari Uliopotea Belo Horizonte

— Rudia kipimo, Jandira. Umekosea wewe.

— Nimerudia mpaka macho yanawasha, Oto. Mstari haupo!

Otoniel alicheka kicheko kikavu. Kwenye skrini, mwanga wa leza uliopigwa kwenye kaboni ulikuwa umechora mistari miwili ya kawaida. Ule wa tatu, ulioipa sifa maabara nzima, ulikuwa umetoweka. Kesho makala yao inachapishwa, Jumamosi wanaoana, na ajira ya kudumu ya Otoniel ilitegemea mstari huo huo.

— Umeifanya nini sampuli?

— Nimeipasha moto kwenye tanuri, basi.

— Jamani, mpenzi! Ukiipasha moto, gundi ya utepe si lazima iondoke?

Jandira aligeuka. Tabaka jembamba la kaboni yao waliibandua kwa utepe wa kunata, sawa, lakini kwamba mstari ulitokana na gundi yeye hakusema. Njia ya mwongo fupi.

— Nani kakwambia ni gundi?

Otoniel akajifanya anapanga karatasi mezani.

— Nakuuliza, Oto!

— Nilipima utepe mtupu... zamani, kabla ya sherehe za kanivali. Mstari ulikuwepo.

— Ukanyamaza! Ukaniacha nisimame mbele za watu najisifia gundi!

— Niliogopa, Jandi. Nakupenda. Tuoane kwanza, tutasahihisha baadaye.

Moyo ulimuuma Jandira, maana alimpenda mno mwanaume huyu. Akamsukumia simu.

— Mpigie Profesa Zulmira. Sema mwenyewe, na Jumamosi nakuja kanisani.

Otoniel akampigia mkuu huyo wa maabara, sauti ikasikika kwa wote wawili.

— Profesa, tuisimamishe makala. Ule mstari ni gundi.

Jandira akashusha pumzi, machozi yakamlengalenga. Alitaka kumkumbatia.

— Gundi? Mmejuaje leo? — aliuliza profesa, mwanamke mzee.

Otoniel akakwepa macho ya mchumba wake.

— Sampuli aliandaa Jandira, Profesa. Hakuisafisha. Mimi ndiye niliyegundua sasa hivi.

Jandira akamnyang'anya simu.

— Profesa, Oto alijua tangu kabla ya kanivali. Kutosafisha ni kosa langu, nalibeba. Kuficha ni kosa lake.

— Nimekusikia, binti yangu. Naisimamisha. Wewe kesho njoo tuanze upya.

Jandira akaivua pete kwenye mkono wa kulia, ambao kwao huvaliwa pete ya uchumba, akaiweka mezani.

— Jandi, usinifanyie hivyo! Na wageni je? Mama keshaanza kuoka keki!

— Basi nenda kamwambie mama yako ukweli. Kwake uanze kujifunza kuusema.