Kisanduku cha Mvutaji

Siafu walikuwa wamefika kwenye ini la mzee Magesa, na darasa zima lilikuwa likiwatazama wakila.

Mzee mwenyewe alikuwa amelala chali, dripu mkononi, macho kwenye dari. Ukuta uliokabili kitanda chake ulikuwa kioo kimoja kikubwa, na ndani yake ini lake lilionekana kwa ukubwa wa godoro, jekundu, lenye uvimbe wa kijivu pembeni. Kuuzunguka uvimbe ule kulikuwa na vidoa vyeusi visivyohesabika, vikimega, vikibeba, vikirudi. Watu wa maabara walikuwa na jina lao refu, vijiroboti vya damuni. Wagonjwa waliwaita siafu, na jina la wagonjwa ndilo lililoshika.

"Msikae kama mko sinema," alisema Sista Nyangeta Mafuru. "Nani ataniambia wanajuaje cha kula na cha kuacha?"

Wanafunzi kumi na wanne wa uuguzi waliangalia viatu vyao. Sista Nyangeta alikuwa na miaka sitini na mmoja, mwembamba, sare imepigwa pasi mpaka inatisha, na kitabu walichosomea alikuwa amekiandika yeye. Hakuwapenda wanafunzi. Wagonjwa nao hakuwapenda sana, ila aliwahudumia bila kosa, na aliamini kwamba hilo linatosha.

"Seli ya kawaida ina adabu," aliendelea. "Ikiambiwa igawanyike inagawanyika, ikiambiwa ikome inakoma, zamu yake ya kufa ikifika inakufa. Seli ya saratani haisikii la mtu. Inazaana tu, inajivutia mishipa yake ya damu, ikichoka kukaa mahali pamoja inavunja ukuta na kuhamia mapafuni, kwenye mifupa, kwenye ubongo. Huko kuhama ndiko kunakoua. Sasa, seli hiyo ina alama juu ya ngozi yake, na siafu wamefundishwa kuitambua. Je, wakikosea?"

"Wanakula na nzima, Sista," alijibu Kezia Wambura, binti wa mstari wa nyuma mwenye tabia ya kujibu bila kunyoosha mkono. "Za mdomoni, za tumboni, za uboho. Ndiyo maana homa ikifika thelathini na nane muuguzi hasubiri. Anamwita daktari palepale, kwa sababu kinga imeshuka na maambukizi yanaweza kumwua mgonjwa kabla ya saratani yenyewe."

"Umekariri kitabu changu."

"Ndiyo, Sista."

"Basi kariri na kunyoosha mkono."

Siafu hawakuwa wengi. Walikuzwa kwenye mtungi mmoja chini ya Hospitali ya Saratani ya Majita Mpya, waliishi siku saba tu, na kila mtungi uliwatosha watu wanane. Jiji lilikuwa na watu milioni tatu. Kwa hiyo palikuwa na Karani. Karani ilikuwa akili mnemba iliyosoma mafaili yote ya zahanati na hospitali za kanda ya ziwa tangu enzi za karatasi, na kazi yake ilikuwa kupanga watu kwenye milango miwili. Mlango wa Kwanza ulikuwa wa siafu. Mlango wa Pili ulikuwa wa tiba za zamani, kisu, mionzi na dripu za kemikali, na wengi wa huko walipata dawa ya maumivu tu kwa sababu mashine za zamani zilikuwa zimeachwa zichakae. Sheria ya jiji ilisema mtu aliyejitakia ugonjwa, kwa sigara au kwa pombe, asimzuie asiyejitakia. Watu walioitunga sheria hiyo walikuwa na afya njema.

Saa nne na nusu aliingia mwanamke wa miaka arobaini na saba, mrefu, mikono yake ina makovu ya moto mpaka kwenye viwiko. Jina lake lilikuwa Nyabise Manyama, na alikuwa mbanika samaki wa ufuko wa Nyamitwe. Picha zake zilikwisha kupigwa: saratani ya pafu la kushoto, uvimbe wa sentimita tatu, bado haujahama. Alikuwa mgonjwa wa siafu kabisa, kama aliyeandikwa kwa ajili ya somo. Sista Nyangeta alimkalisha mbele ya wanafunzi na kumpa mrija wa kinusapumzi, mashine inayosoma yaliyomo katika pumzi ya mtu.

Nyabise alipuliza. Kengele ililia mara mbili.

"Mlango wa Pili," ilisema Karani kwa sauti ya mtu mpole aliyeshiba. "Masizi ya miaka mingi. Mgonjwa ni mvutaji."

"Nani mvutaji?"

"Wewe, mama."

"Mimi?" Nyabise alisimama, mrija ukaanguka. "Sijawahi kuitia sigara mdomoni tangu nizaliwe! Nabanika sangara. Kuni, tanuri, moshi, kila siku ya Mungu tangu nina miaka tisa. Muulize mtu yeyote Nyamitwe!"

"Kaa chini, mama," alisema Sista Nyangeta. "Hapa hakuna anayepigiwa kelele."

"Nitakaaje chini nimeambiwa nikafe?"

"Umeambiwa Mlango wa Pili."

"Ni kitu kimoja, na wewe unajua."

Sista Nyangeta alijua. Alijua pia kwamba wagonjwa huficha. Miaka thelathini na saba ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba mlevi husema anaonja tu na mvutaji husema aliacha zamani, na hakuona kwa nini huyu awe tofauti. Aligeuka kuelekea darasa, kisha akafanya kitu ambacho baadaye alikionea aibu kuliko yote. Alifundisha.

"Mnaona?" alisema. "Andikeni. Vihatarishi vya saratani ni vingi: umri, kurithi, virusi vya mlango wa kizazi na vya ini, pombe, jua kwa wenye ualbino, kuvu wa mahindi. Lakini tumbaku bado ndiyo mfalme. Na anayeitumia atakataa mbele yenu, usoni penu."

Mikono kumi na mitatu iliandika. Wa kumi na nne, wa Kezia, ulinyooka juu, safari hii kwa adabu zote.

"Sista, kwenye kitabu chako, ukurasa wa tisini, umeandika kwamba hata moshi wa kuni ni kihatarishi. Karani inatofautishaje moshi wa kuni na wa sigara?"

"Inajua."

"Inajuaje?"

Swali lile lilimkera. Kila muuguzi alikuwa na haki ya kuidai Karani itoe chanzo cha hukumu yake. Haki hiyo ilibandikwa ukutani, imewekewa fremu, na kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyekuwa ameitumia, maana foleni ilikuwa ndefu na Karani ilikuwa na haraka.

"Iulize wewe mwenyewe," alisema Sista Nyangeta.

"Karani," alisema Kezia, "umejuaje?"

"Wanawake wa ufuko wa Nyamitwe wenye masizi ya aina hii," Karani ilijibu, "wameandikwa wavutaji katika mafaili tisini na sita kati ya kila mia. Mgonjwa anakana. Wauguzi wanathibitisha. Sheria inasema neno la muuguzi linashinda neno la mgonjwa."

"Tuonyeshe hayo mafaili."

Ini la mzee Magesa lilitoweka kiooni na mahali pake zikajipanga karatasi za zamani, za manjano, zenye visanduku arobaini kila moja. Kisanduku cha tatu kutoka chini kiliuliza: Anavuta sigara? Kalamu ya bluu ilikuwa imeweka alama ya vema kwenye Ndiyo. Karatasi iliyofuata, Ndiyo. Iliyofuata, Ndiyo. Chini ya kila karatasi palikuwa na sahihi iliyopinda, mkia wake umerudi nyuma na kujikata wenyewe.

Sista Nyangeta aliitambua kabla hajaisoma. Alishikilia chuma cha kitanda.

Alikuwa na miaka ishirini na minne wakati ule, muuguzi peke yake katika zahanati ya Nyamitwe, wagonjwa tisini kila asubuhi. Wilaya ilirudisha fomu yoyote yenye kisanduku kitupu. Kwa hiyo walifundishana, wauguzi wa mwambao wote ule wa ziwa: muulize shida yake, umri wake, watoto wangapi, mengine jaza kwa macho. Mwanamke aliyeingia ananukia moshi alipewa Ndiyo. Moshi ni moshi, mkubwa wake wa kazi alimwambia siku ya kwanza, na yeye akawaambia waliokuja baada yake. Haikuonekana kumdhuru mtu. Ilikuwa karatasi ya kwenda wilayani, na wilayani hakuna aliyezisoma. Wakati ule hakuna aliyezisoma.

"Hii sahihi ya nani?" aliuliza Kezia, akisogea karibu na kioo. "Haisomeki."

Hapo ndipo angeweza kunyamaza. Lazima lisemwe, kwa sababu alifikiri kunyamaza, na alifikiri kwa muda mrefu kuliko mtu mwema anavyotakiwa kufikiri. Wanafunzi hawakuijua sahihi ya zamani. Nyabise alikuwa amekaa tena, anahema, ngumi mapajani.

"Karani," alisema Sista Nyangeta, na sauti yake ilikuwa kavu, "mwandishi wa mafaili haya akikiri kwamba hakuuliza, itakuwaje?"

"Atapitishwa faili moja moja, mbele ya mashahidi. Uzito wa mafaili yake utaondolewa. Kanuni ya wanawake wa Nyamitwe ikibaki na mafaili chini ya nusu, itaanguka. Leseni ya mwandishi itafutwa."

"Mtungi wa wiki hii unafungwa saa ngapi?"

"Saa sita kamili. Nafasi iliyobaki ni moja. Kwa mgonjwa huyu, nafasi nyingine inakadiriwa kuwa baada ya wiki tisa."

Baada ya wiki tisa uvimbe ungekuwa umehama. Alikuwa amefundisha hilo asubuhi ileile. Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika kumi.

"Ni yangu," alisema. "Sahihi ni yangu. Anza."

Nyabise aliinua uso polepole na kumtazama, na katika macho yale hapakuwa na shukrani hata chembe.

"Mugala Chirangi, wakati huo miaka arobaini na mbili," ilisoma Karani. "Huyu ulimuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Nyafuru Msiba, miaka ishirini na minane. Huyu ulimuuliza?"

"Sikumuuliza."

Iliendelea hivyo. Karani haikuchoka wala haikukasirika, na hilo lilikuwa baya kuliko kukasirikiwa. Mara tatu au nne alikumbuka sura: mmoja alikuwa na mapacha, mmoja alimletea samaki wawili aina ya ningu, waliobanikwa, wamefungwa kwenye gazeti, na yeye akawala na kuweka vema kwenye Ndiyo. Mdomo wake ulikauka. Hakuna aliyempa maji, naye hakuomba.

Walikuwa wamepita mia mbili na kitu.

"Wegesa Manyama, miaka thelathini. Huyu ulimuuliza?"

"Siku..."

"Huyo ni mama yangu," alisema Nyabise.

Chumba kizima kiligeuka.

"Alipita hapahapa," Nyabise aliendelea, hakupaza sauti sasa. "Mwaka wa nane huu. Alipuliza mrija huohuo, akaambiwa kajitakia. Tulimwuguza nyumbani miezi mitano. Siku ya msiba kaka yangu alikuwa anazunguka nyuma ya banda la samaki, anatafuta mahali mama alipokuwa anajificha kuvutia. Mtu mzima, analia, anafukua majivu atafute vipisi vya sigara. Mpaka leo anaamini mama alitudanganya."

"Mama, mimi..."

"Umeulizwa swali. Jibu."

Sista Nyangeta aliona haya. Kwa mara ya kwanza katika wadi ile alikaa kwenye kiti cha wagonjwa.

"Sikumuuliza," alisema.

Saa sita kasoro dakika sita, Karani ilisimama. "Kanuni imeanguka. Nyabise Manyama, Mlango wa Kwanza." Kisha, bila kuulizwa na mtu, maana ilitengenezwa kutoa hesabu kamili kila kanuni inapoanguka, iliongeza: "Waliohukumiwa kwa kanuni hii ni wanawake mia mbili na kumi na wawili. Walio hai ni tisa."

Siafu waliletwa kwenye chupa ndogo ya kijivu. Sista Nyangeta aliinuka kwa mazoea ya miaka yote na kunyoosha mkono kuchukua trei ya sindano.

"Wewe usiniguse," alisema Nyabise. "Pole yako pia kaa nayo. Anidunge yule binti."

Sista Nyangeta alirudi kitini, na Kezia akaja. Alifunga mpira juu ya kiwiko chenye makovu, na mshipa aliupata mara moja. Kabla ya kufungulia siafu ilibidi fomu ya Mlango wa Kwanza ijazwe, nayo ilikuwa na visanduku vilevile arobaini. Mkono wake ulifika cha tatu kutoka chini. Alichohitaji kuandika kilikuwa kimekwisha kusemwa chumbani asubuhi ile. Aliinua kalamu, akavuta kigoda, akakaa mpaka macho yake yakalingana na ya mgonjwa.

"Mama, umewahi kuvuta sigara?"

Machozi, ambayo hayakumtoka Nyabise alipohukumiwa wala alipomsikia mama yake akitajwa, yalitoka sasa.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Nabanika samaki."

Kezia akaandika. Nyuma yao Karani ilikuwa imerudi kwenye orodha, kwa sababu mafaili yalikuwa bado zaidi ya mia nane na sheria ilitaka yafike mwisho.

"Bhoke Masatu, miaka kumi na tisa. Huyu ulimuuliza?"

"Sikumuuliza," alijibu mwanamke aliyekaa kwenye kiti cha wagonjwa.