Kijitu Chenye Taa Kichwani

"Kicheko hiki umekirekodi wapi?" dada aliuliza.

"Si wewe?" kaka yake akajibu bila kugeuka.

"Mimi? Nina nguvu za kucheka mimi?"

Wakayaacha hapo. Walikuwa hoi jamani, ule uchovu wa kutia chumvi kwenye chai na kuinywa hivyo hivyo.

Walikuwa wakitengeneza mchezo wa kompyuta sebuleni kwa mama yao, naye alilala chumba cha pili, mgonjwa, mwezi wa tatu sasa. Kaka aliandika programu. Dada aliucheza kutwa akitafuta kasoro. Shujaa wao alikuwa kijitu chenye taa kichwani, kinachosukuma masanduku na kuruka mashimo hadi mlangoni. Usipokigusa, kinaketi na kupiga miayo. Kila aliyekiona alikipenda papo hapo. Hata mama, akisikia kile kicheko chake, aliuliza kule ndani, "Mtoto wa nani huyo?"

Mchana ule, hatua ya kumi na mbili, kijitu kiliukataa mlango. Kiliruka shimo, kikasukuma sanduku hadi ukutani, kikapanda, kikagonga. Dada akaandika kama alivyoandika kila siku: *Kimekwama. Fungua ukuta.* Kaka naye, kwa mazoea, akafungua bila kuuliza.

Kijitu kikapita ukutani, kikatoka kwenye skrini, wala hakikurudi.

Harufu ya nywele zinazoungua ikajaa sebule. Kisha wakasikia, chumbani kwa mama, sanduku la nguo likiburutwa, likisimama, likiburutwa tena, na vijiguu vikipanda juu yake, na kicheko kile kile, ila sasa kikitoka kwenye kifua cha mtu mzima ambaye kwa miezi mitatu hakuwa na pumzi ya kucheka.

"Mama?" dada akanong'ona, akainuka.

Kaka akamdaka mkono. "Usiende. Lile ni jini, na sisi ndio tuliolifungulia. Tazama."

Kwenye skrini, mwanzoni mwa hatua, aliketi mama yao, mdogo kama kidole, kanga kifuani, taa kichwani. Akapiga miayo.

"Tumtoe! Ukuta si uko wazi?" Dada akabonyeza kitufe cha kuruka. Mama akajaribu, akashika goti.

"Kuna shimo," kaka akasema, machozi yakimtoka. "Ulisema hatua hii ni rahisi mno. Nikalipanua."

Mlango wa chumbani ukalia.

"Wanangu," sauti ya mama ikaita, ikicheka, "njooni mnishike mkono."

Kwenye skrini, mama akawageukia, akatikisa kichwa.