Nani Alichomoa Plagi ya Feni?

Fundi cherehani mmoja alikuwa na neno lake moja: zima. Taa ikiwaka mchana, "Zima!" Redio ikiimba chumba kitupu, "Zima!" Feni ikizunguka na watu wote wako jikoni, "Zima, haimpepei mtu!" Basi majirani wakamwita Baba Zima. Watoto wake walimtania, "Baba ni mtu mzima kwelikweli," naye alicheka, maana hakuwa na kinyongo.

Baba Zima alikuwa na gari dogo, kuukuu lakini safi. Alilitumia kupeleka sare za shule alizoshona. Jioni moja alirudi nyumbani, akaegesha uani, akazima injini na kuchomoa ufunguo. Mara akasikia sauti chini ya boneti. Vuuuu! Feni ilikuwa bado inazunguka.

"Gari nimelizima. Wewe unampepea nani?" aliiuliza feni.

Mkewe alikuwa dirishani. "Siku hizi unagombana hata na gari?"

"Itamaliza betri hii! Kesho gari litakataa kuwaka."

Baada ya muda mfupi feni ikanyamaza yenyewe. Lakini Baba Zima alikuwa ameshaamua. Alifungua boneti, akaona waya wa feni na plagi yake, akaichomoa. Kisha akaenda kunawa mikono, roho imetulia. Hakumwambia mtu.

Gari liliendelea kutembea vizuri. Safari zake zilikuwa fupi, tena za asubuhi, barabara zikiwa tupu. Akaisahau kabisa ile plagi. Wiki hiyohiyo shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuja kufunga redio ya gari. Shemeji huyu ni fundi redio. Alifanya kazi hadi jioni na hakutaka malipo.

Kisha ikafika siku ya kumpeleka mama mkwe hospitali.

Mama mkwe alikuwa na mtoto wa jicho. Nyuso za watu aliziona kama ukungu tu. Alikuwa amengoja miezi mingi apate nafasi ya upasuaji, maana daktari wa macho alikuja mjini kwa nadra. "Msichelewe," muuguzi alisema kwenye simu. "Daktari akiondoka, mtangoja tena."

"Usiwe na wasiwasi, mama," Baba Zima alimwambia huku akimfunga mkanda. "Gari liko sawa. Nimelikagua mwenyewe."

Njiani wakakuta foleni ndefu. Gari lilisogea kidogo, likasimama, likasogea tena. Jua lilikuwa kali. Baba Zima aliwasha kiyoyozi ili mama apate ubaridi. Mshale wa joto kwenye dashibodi, ambao siku zote hukaa katikati, ulianza kupanda. Aliuona. Akajipa moyo kwamba foleni ikiisha utashuka. Mshale ukafika kwenye alama nyekundu, na mvuke mweupe ukaanza kutoka chini ya boneti.

"Mwanangu, nasikia harufu. Kuna kitu kinaungua?"

"Hapana, mama. Ni... ni magari ya mbele."

Uongo huo haukufika mbali. Gari likachemsha. Akaliegesha pembeni huku madereva wa nyuma wakimpigia honi. Akazima injini, akafungua boneti, akachukua kitambaa na kunyoosha mkono afungue mfuniko wa rejeta.

"Acha! Usiguse huo mfuniko!"

Aliyepiga kelele alikuwa jirani yake, mwalimu wa udereva. Naye alikuwa kwenye foleni ileile na gari lake la kufundishia. Aliegesha, akaja mbio.

"Ukifungua sasa, maji ya moto yatakurukia usoni," alisema. "Ngoja injini ipoe kabisa."

Mwalimu akainama kuchungulia. Hakuchelewa kuona. "Jirani, plagi ya feni imechomolewa. Haikuchomoka yenyewe hii, ina kishikio. Nani aligusa huku?"

Baba Zima alifungua mdomo. Kabla hajasema, mama mkwe alijibu kutoka ndani ya gari.

"Ni yule mwanangu, fundi redio! Alikuja juzi kuchokoachokoa waya za redio. Siku zote ana haraka."

Hapo ndipo Baba Zima alipotakiwa kusema ukweli. Akasema, "Labda."

"Mpigie simu," mama mkwe aliamuru.

Baba Zima akapiga, akamshikia mama simu sikioni kwa mkono wake mwenyewe.

"Ufundi gani huo?" mama alifoka. "Gari limechemsha kwa sababu yako! Macho haya nimeyahangaikia miezi yote, leo wewe unaniharibia!"

Sauti ya shemeji ilisikika, ya chini. "Nisamehe, mama. Labda niligusa bila kujua. Nakuja sasa hivi."

Baba Zima alisikia masikio yakiwaka moto. Alishukuru kwamba mama mkwe hauoni uso wake. Papo hapo aibu ikamzidi, kwa kushukuru jambo kama hilo.

Mwalimu alimpakia mama kwenye gari lake. Wakafika hospitali, lakini daktari alikuwa ameshaondoka.

Mchana ule, wote walikutana uani kwa Baba Zima. Gari lilikuwa limevutwa kwa kamba hadi nyumbani. Mama mkwe alikaa kwenye kiti. Shemeji alisimama mbele yake, shati limelowa jasho, mfuko wa vifaa mkononi.

"Mama, kuanzia leo sigusi tena gari la mtu," alisema. "Nitabaki na redio za mezani."

Baba Zima hakuweza kuvumilia zaidi.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi. Niliichomoa mimi. Niliikuta inazunguka wakati gari limezimwa, nikaona inamaliza betri."

Mkewe akamkazia macho. "Na ukamwacha mdogo wangu agombezwe?"

"Ndiyo."

"Ukiwa umesimama palepale?"

"Ndiyo, mke wangu. Nilikuwa nimeshika simu."

Alitamani mama mkwe apige kelele, lakini mama alisema tu, "Niingizeni ndani, nimechoka." Baba Zima alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mwalimu wa udereva hakumcheka. "Jirani, aibu yako ni ya haki, lakini aibu haipozi injini. Njoo ujifunze. Na wewe fundi redio, sogea."

Injini ilikuwa imeshapoa. Walijaza maji ya rejeta hadi kwenye alama, wakarudisha plagi, wakawasha gari.

"Mbona feni haiwaki?" Baba Zima aliuliza.

"Haina haja bado. Injini ikiwa baridi, feni hukaa kimya. Ukienda kasi, upepo wa barabarani unatosha kupoza rejeta. Ila ukisimama kwenye foleni, upepo huo haupo. Maji ya rejeta yakifika joto la nyuzi karibu mia, feni huwaka yenyewe. Yakipoa kidogo, huzima yenyewe. Magari hutofautiana, kwa hiyo soma kitabu cha gari lako. Na ukiwasha kiyoyozi, kwenye magari mengi feni huwaka hapohapo."

"Na ile ya kuzunguka wakati nimeshazima gari?"

"Magari mengi yametengenezwa hivyo. Injini inakuwa bado ina moto ndani. Feni itazunguka dakika chache, halafu itasimama. Isiposimama, au ikizunguka wakati injini ni baridi, muone fundi. Na usiingize mkono karibu nayo, inaweza kuwaka wakati wowote."

"Mshale ukipanda je?" aliuliza shemeji.

"Zima kiyoyozi, washa hita, itatoa joto kwenye injini. Ukizidi kupanda, egesha na uzime gari. Usijipe moyo."

Baba Zima aliinamisha kichwa. Mshale ulifika katikati, ukapita kidogo. Vuuuu! Feni ikawaka. Baada ya muda mshale ukashuka, feni ikanyamaza.

"Lipeleke kwa fundi aangalie kama injini haijaumia," mwalimu alisema. "Na maji yakague kila asubuhi, kabla ya kuwasha."

Kesho yake Baba Zima alikwenda dukani kwa shemeji yake, akamwomba radhi mbele ya wateja. Fundi wa magari akalipima gari, akalikuta zima. Tangu siku hiyo Baba Zima alifungua boneti kila asubuhi. Feni ikivuma jioni, aliiacha ivume.

Daktari aliporudi mjini, safari ikaanza tena. Foleni ilikuwepo, na jua lilikuwepo. Feni iliwaka na kuzima, mshale ukakaa katikati, na wakafika mapema. Mama mkwe akafanyiwa upasuaji.

Bandeji ilipoondolewa, wote walikuwa wamesimama kando ya kitanda. Mama alipepesa macho, akamtafuta mwanawe.

"Sogea," alimwambia. "Nilikugombeza bure, mwanangu. Nisamehe."

"Yameisha, mama."

Baba Zima aliposikia mama mzima akiomba radhi kwa kosa lake yeye, aliangalia chini.

"Na wewe, baba," mama mkwe alisema. "Nimengoja miezi yote hii niwaone, unanionyesha utosi tu? Inua uso."

Aliuinua taratibu, machozi yakimtoka, akamwacha mama mkwe amwangalie.