Ridi Lililoota Ndevu

Kidawa alikuwa na miaka sita. Alikaa Morogoro, pamoja na Mama na Bibi.

Kidawa alikuwa na saksafoni. Saksafoni yake ilikuwa kubwa. Kidawa alikuwa mdogo.

Akiibeba barabarani, watu walishangaa. Waliona saksafoni inatembea kwa miguu miwili!

"Hujambo, saksafoni?" watu walisema.

"Sijambo!" alijibu Kidawa kutoka nyuma yake.

Saksafoni ina kitu kidogo mdomoni. Kinaitwa ridi. Ridi ni kipande cha mwanzi, chembamba kama ukucha.

Ukipuliza, ridi linatetemeka. Trrrr! Ridi likitetemeka, saksafoni inaimba.

Puu-pi-puu! Puu-pi-puu!

Mama alikuwa mpiga saksafoni wa bendi. Ndiye aliyemfundisha Kidawa. Kila Kidawa akimaliza kupiga, Mama alimwimbia:

"Lisuuze, lifute, lilaze!
Ridi nalo lipumzike."

Na kila siku Kidawa alijibu, "Baadaye, Mama!"

Kidawa alikula ubuyu, akapiga saksafoni. Puu-pi-puu! Ridi likawa jekundu.

"Lisuuze, lifute, lilaze!" aliimba Mama.

"Baadaye, Mama!"

Kidawa alikula maandazi, akapiga saksafoni. Pu-pwi-pu! Ridi likawa na mafuta.

"Lisuuze, lifute, lilaze!"

"Baadaye, Mama!"

Kidawa alikula mchicha, akapiga saksafoni. Pfff-pwi-pfff! Ridi likawa la kijani.

Halafu, asubuhi moja, ridi likaota ndevu.

Ndiyo. Ndevu! Zilikuwa fupi, laini, za kijivu.

Kidawa alizipapasa kwa kidole. "Umefanana na Mjomba Shomari," alisema. Akalirudisha ridi mahali pake.

Siku hiyo hiyo Mjomba Shomari alikuwa anaoa.

Uani palijaa viti. Paliwekwa zulia jekundu. Pilau ilinukia mpaka barabarani.

Bibi harusi aliitwa Mwantumu. Alikuwa amejifungia chumbani na gauni lake jeupe.

"Sitoki," alisema Mwantumu, "mpaka nisikie saksafoni ya Kidawa. Ikiniita, natoka."

Wageni wakakaa. Mjomba Shomari akasimama, suti yake inang'aa. Mshereheshaji akashika kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana! Kidawa sasa anamwita bibi harusi!"

Kidawa akavimbisha mashavu. Akapuliza.

Mbeeee!

Wageni wakatazamana.

Kidawa akapuliza tena.

Mbeeee!

Geti likafunguka. Kwiii! Akaingia mbuzi.

Mbuzi alitembea juu ya zulia jekundu. Alitembea polepole, kwa madaha, kama bibi harusi.

Akina mama walikuwa tayari kwa vigelegele. Basi wakapiga tu. Ririririri!

Mpiga picha naye akapiga. Kacha! Kacha!

Mbuzi akapanda jukwaani. Akakaa kwenye kiti cha bibi harusi.

Mjomba Shomari akamtazama mbuzi. Mbuzi akamtazama Mjomba Shomari.

"Huyu siye," alisema Mjomba Shomari.

"Una hakika?" aliuliza mshereheshaji.

"Nina hakika!"

Kidawa aliona aibu. Masikio yalimwaka moto. Akapuliza kwa nguvu zaidi.

Kwaa-kwaa-kwaa!

Wakaja mabata. Wakaingia kwa mstari, wakakaa viti vya mbele. Mmoja akaomba pilau kwa macho.

Kidawa akapuliza kwa nguvu zake zote.

Moooooo!

Akaja ng'ombe. Alikuwa mkubwa sana. Akakaa karibu na Bibi, na kiti kikalia, kraak!

Watoto walimwona ng'ombe ni mkubwa kuliko wote. Wakamwamkia. "Shikamoo!"

"Moo," alijibu ng'ombe.

"Kidawa!" Mwantumu aliita kutoka dirishani. "Nitoke?"

"Bado, Anti!"

"Huku ndani kuna joto! Na karanga zote nimeshamaliza!"

"Subiri kidogo, Anti!"

Kidawa akaweka saksafoni chini. Machozi yakaanza kumlengalenga. Je, kama Anti Mwantumu hatatoka kabisa? Je, kama Mjomba ataoa mbuzi?

Mama akaja. Akachuchumaa pembeni yake.

"Tulitazame ridi," alisema Mama.

Wakalifungua. Mama akaziona ndevu.

"Yalaa!" alisema Mama. "Linahitaji kinyozi!"

"Nilisema nitalisafisha baadaye," alisema Kidawa kwa sauti ndogo.

"Ulisema," alijibu Mama. "Baadaye yenyewe ndiyo hii. Unakumbuka wimbo?"

Kidawa akafuta machozi. Akaimba polepole:

"Lisuuze, lifute, lilaze.
Ridi nalo lipumzike."

"Nileteeni maji!" alisema Kidawa.

Mjomba Shomari akakimbia jikoni. Akarudi na sufuria. Maji yalikuwa yanachemka, bwata-bwata-bwata!

"Si hayo, Mjomba! Ridi litapinda!"

Mpishi akaleta waya wa kusugulia masufuria.

"Si huo, Mpishi! Ridi litavunjika!"

Bibi akaleta kikombe. Maji yake yalikuwa ya uvuguvugu tu.

"Ahsante, Bibi. Haya ndiyo."

Kidawa akalisuuza ridi. Chubwi, chubwi, chubwi. Ubuyu ukatoka. Mafuta yakatoka. Mchicha ukatoka.

Kidawa akalifuta kwa kitambaa laini. Alianzia upande mnene, akaishia kwenye ncha nyembamba. Taratibu. Taratibu kama unamfuta mtoto pua.

Ndevu zikatoka zote!

"Sasa tulianike juani!" alisema mshereheshaji. Alikuwa ameshashika vibanio vya nguo.

"Hapana!" alisema Kidawa. "Juani litajikunja."

Akalilaza ridi juu ya sahani safi, kivulini. Likalala sawasawa, bila kupinda.

"Tufanye nini sasa?" aliuliza Mjomba Shomari.

"Tusubiri likauke," alisema Kidawa.

Basi harusi nzima ikasubiri ridi likauke.

Wageni wakaizunguka sahani. Wakapepea kwa khanga, fuu, fuu, fuu. Mabata wakapepea kwa mabawa. Ng'ombe akapepea kwa mkia.

Mbuzi hakupepea. Mbuzi alikuwa anakula maua ya bibi harusi.

"Limekauka?" aliuliza Mwantumu dirishani.

"Bado, Anti!"

Fuu, fuu, fuu.

"Limekauka?"

"Karibu, Anti!"

Fuu, fuu, fuu.

Kidawa akaligusa ridi. Lilikuwa kavu. Lilikuwa safi. Rangi yake ilikuwa ya mwanzi tena.

Akalilowesha kidogo kwa ulimi. Akalifunga kwenye saksafoni. Wageni wote wakaacha kupepea. Hata mbuzi aliacha kutafuna.

Kidawa alivuta pumzi.

Akapuliza.

Puu-pi-puu! Puu-pi-puu!

Lo! Ilikuwa sauti tamu. Ilipanda juu ya paa. Ikaingia dirishani.

Mlango ukafunguka. Mwantumu akatoka. Gauni lake lilikuwa jeupe pee, na mdomoni alikuwa na ganda moja la karanga.

Ririririri! Vigelegele vikalia upya.

Mwantumu akafika jukwaani. Mbuzi akamtazama. Halafu mbuzi akasimama, akampisha kiti.

"Huyu ndiye!" alisema Mjomba Shomari. Alifurahi mpaka akalia, na ndevu zake zote zikalowa.

Kidawa alipiga saksafoni. Watu walicheza. Mabata walicheza. Ng'ombe alicheza na Bibi, na Bibi hakukanyagwa hata mara moja.

Muziki ulipokwisha, mpishi akaita, "Pilau tayari!"

Wote wakakimbia. Kidawa peke yake hakukimbia. Alikwenda kwanza kwenye kikombe cha maji.

"Lisuuze," aliimba. Chubwi, chubwi.

"Lifute," aliimba. Taratibu, taratibu.

"Lilaze," aliimba. Akalilaza kivulini.

Kisha akala pilau. Sahani mbili!

Jioni Mama alimwogesha Kidawa. Akamvisha nguo za kulalia.

Mlango wa chumba ukagongwa. Ngo, ngo, ngo.

"Hodi!"

"Karibu!" alisema Kidawa.

Alikuwa Mwantumu. Bado alikuwa na gauni lake la harusi. Gauni lilikuwa pana, likakwama mlangoni. Mama alilivuta. Mjomba Shomari alilisukuma kutoka nje. Pwap! Mwantumu akaingia.

"Kidawa," alisema Mwantumu, "nataka kuliona ridi lililoniita."

Kidawa akamwonyesha. Lilikuwa limekauka vizuri.

"Linalala wapi?" aliuliza Mwantumu.

Kidawa akatoa kijisanduku. Kilikuwa bapa, chenye vitundu vidogo.

"Hapa, Anti. Linalala bila kujikunja. Na vitundu ni vya kupitishia hewa, lisiote tena ndevu."

"Naweza kulilaza mimi?"

Kidawa alifikiri kidogo. "Mikono yako ni safi?"

Mwantumu akaonyesha mikono yake. Ilikuwa safi, imejaa maua ya hina.

"Haya, Anti. Lakini taratibu."

Mwantumu akapiga magoti na gauni lake lote. Akalishika ridi kwa vidole viwili. Akaliweka ndani ya kijisanduku. Akafunika. Tak!

"Nimefanya vizuri?" alinong'ona Mwantumu.

Kichwa cha Kidawa kilikuwa kimeegemea gauni jeupe, na alikuwa ameshalala fofofo.

Mwantumu hakutaka kumwamsha. Akakaa pale pale sakafuni, akamfunika Kidawa kwa shela lake.